UZI: Tani bilioni 660 za kaboni zimeyeyuka baharini. Zinatulinda, zitatugeuka, au kuna watu wanataka kutuuzia maji?

#1 Mkondo_wa_Kusi (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Humu jukwaani tukigusa tabianchi mazungumzo huishia kwenye moshi, misitu na barafu. Bahari ikitajwa, ni kwa sababu imekula ufukwe wa mtu. Leo naomba tuingie kwenye maji yenyewe, maana mle ndani kuna akiba ya kaboni ambayo hata wengi waliosoma sayansi hawajawahi kuisikia.

Chota lita moja ya maji ya bahari kuu, mbali na mdomo wa mto wowote. Yachuje mpaka yang'ae. Bado yamebaki na kaboni iliyotoka kwa viumbe, chini kidogo ya miligramu moja: masalia ya sukari, protini, mafuta, kuta za seli, na maelfu kwa maelfu ya molekuli ambazo hata majina hazina. Hii ndiyo kaboni ogania iliyoyeyuka. Maji ya juu, yale yanayopigwa na jua, yana mikromoli (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe) 60 hadi 80 hivi kwa kilo. Ukishuka chini ya mita 1,000 unakuta 45 na kitu Atlantiki ya kaskazini, na 35 hivi Pasifiki ya kaskazini, ambako maji ya kina yamekaa gizani muda mrefu kuliko kwingine.

Kiasi hicho hakimtishi mtu. Sasa kizidishe kwa bahari nzima. Dennis Hansell wa Chuo Kikuu cha Miami na wenzake walipiga hesabu hiyo mwaka 2009 wakapata tani bilioni 662 za kaboni. Kaboni yote iliyokuwa angani kama hewa ya ukaa kabla ya zama za viwanda ilikuwa tani bilioni 590 hivi. Leo inakaribia 900. Viumbe vyote vilivyo hai baharini, kuanzia bakteria hadi nyangumi, havifiki tani bilioni 10.

Tusiichanganye na ile kaboni ya madini, bikaboneti na ndugu zake, ambayo ni tani bilioni 38,000 hivi. Ninayoizungumzia mimi imepita kwanza mwilini mwa kiumbe.

Inatoka wapi? Vijimea vinavyoelea baharini hutengeneza karibu tani bilioni 50 za kaboni kila mwaka kwa usanisinuru. Sehemu kubwa ya chakula hicho, pengine nusu, haifiki kwa samaki. Inavuja kijimea kikiwa kinakua, inamwagika kikitafunwa na vijidudu vya maji, au virusi vinakipasua na matumbo yake yanasambaa. Tone la mililita moja juu ya bahari lina bakteria kama milioni moja na virusi kama milioni kumi, kwa hiyo huko kupasuana hakukomi usiku wala mchana. Bakteria hula kilichomwagika, nao huliwa, nao hupasuliwa. Farooq Azam na wenzake waliuandika mzunguko huu mwaka 1983, na kabla ya hapo vitabu vingi viliusimulia ulaji wa baharini kana kwamba bakteria hawahusiki.

Sasa linaloniumiza kichwa. Kilicho kitamu huliwa ndani ya saa chache au siku. Kinachobaki hakiliki. Mwaka 1987 Peter Williams na Ellen Druffel walipima kaboni 14 kwenye maji ya kina ya katikati ya Pasifiki ya kaskazini, na umri wa wastani wa kaboni hiyo ukatoka miaka 6,000 hivi. Maji yenyewe ya kina huchukua miaka elfu moja na ushei kuzunguka na kurudi juu. Kwa hiyo molekuli hizo zimeibuka juani, zikazama, zikaibuka tena, na kila mara zinapita katikati ya mabilioni ya midomo yenye njaa bila kuguswa.

Naombeni tujadili mambo matatu. Akiba hii inafanya kazi gani kwenye tabianchi? Joto likizidi, inaweza kutugeuka? Na je, mtu anaweza kuiongeza makusudi akalipwa? Hili la tatu ndilo lililonifanya nifungue uzi, kwa sababu biashara ya kaboni, ile ya kumlipa mtu kwa kuiweka kaboni mbali na hewa, naiona imeanza kuunyemelea mwani.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimeshakaa. Wajuzi tiririkeni.

#3 Fundi_Bomba

Mkuu, mimi ni mtu wa kuuliza. Umri wa mfupa naelewa, umri wa gogo naelewa. Maji yaliyochujwa yanapimwaje umri? Na hizo tani bilioni 662, nani kaizunguka bahari nzima na ndoo?

#4 Mkondo_wa_Kusi

@Fundi_Bomba swali zuri. Unamimina asidi kwenye maji, kaboni ya madini inageuka gesi, unaipulizia nje yote. Iliyobaki ni ile ya viumbe. Unaichoma kwa mwanga mkali wa urujuanimno mpaka igeuke hewa ya ukaa, unaikusanya hewa hiyo, halafu unahesabu kaboni 14 iliyomo. Kaboni 14 hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, kwa hiyo ikiwa chache, kaboni ni kongwe. Ni kanuni ileile ya gogo lako, tofauti ni kwamba hapa unahitaji maji mengi na mikono safi mno.

Kumbuka ni umri wa wastani. Ndani yake kuna za jana na kuna za miaka mingi kuliko 6,000.

Ndoo zipo, ni meli za utafiti. Zimekuwa zikikata bahari kutoka pwani hadi pwani, zinasimama kila baada ya umbali fulani na kushusha chupa mpaka sakafuni. Uzuri wa akiba hii ni kwamba huko chini haibadilikibadiliki. Vipimo vya sehemu moja vinakuambia mengi kuhusu eneo kubwa.

#5 Maabara_Kimya

Huwa nasoma tu humu, ila hapa lazima niseme, kwa sababu Fundi_Bomba kagusa kidonda cha taaluma yetu bila kujua.

Mwaka 1988 Wajapani wawili, Sugimura na Suzuki, walitoa makala iliyotikisa kila mtu. Walikuwa na mashine mpya: badala ya kuunguza kaboni kwa kemikali ndani ya maji, unadondosha tone la maji kwenye tanuri lenye joto la mamia ya nyuzi na kichocheo cha platinamu. Majibu yao yakaonyesha kaboni mara mbili ya iliyokuwa inajulikana, maeneo mengine hata zaidi. Kibaya zaidi, au kizuri zaidi ukipenda, namba zao zilipangana vizuri na kiasi cha oksijeni kilichotumika baharini. Kila kitu kikawa na maelezo. Wengine wakaanza kuandika upya vitabu vya mzunguko wa kaboni.

Tatizo, maabara nyingine zilishindwa kupata majibu yale. Wengine walipata ya juu, wengine ya kati, wengine yaleyale ya zamani. Mwaka 1991 wakakutana Seattle, wakagawana maji ya aina moja, wakalinganisha. Majibu yalitawanyika vibaya sana. Kazi ya miaka iliyofuata ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya shida ni kipimo cha maji matupu: mashine yenyewe, kichocheo chenyewe, na hata maji "safi" ya maabara vina kaboni yake, na usipoitoa kwenye hesabu unaiandikia bahari mali isiyo yake. Mwaka 1993 Suzuki mwenyewe akachapisha maelezo ya kuyaondoa madai yale.

Mashine ya tanuri haikutupwa. Ndiyo tunayotumia hadi leo, kwenye nyuzi 700 hivi. Kilichobadilika ni nidhamu: Hansell na maabara yake wakaanza kugawa chupa za maji ya kina yenye kiwango kinachojulikana, ili kila maabara duniani ijipime kwanza kabla ya kuipima bahari.

Nimeyasema haya kwa sababu moja. Hii ni namba ambayo wataalamu wenye vifaa vyote waligombana nayo miaka mitano, na walikuwa wanagombania mara mbili ya kiasi chote. Mtu akija kukuambia amepima ongezeko dogo la asilimia fulani kwenye shamba lako la mwani, muulize maji matupu aliyapimaje.

#6 Kiti_cha_Mbele

Uzi umenoga.

Swali la mwanafunzi wa nyuma ya darasa: kwa nini bakteria hawali? Miaka 6,000 na bado wanaona kinyaa?

#7 Maabara_Kimya

@Kiti_cha_Mbele kuna kambi mbili, na zinagombana mpaka leo.

Kambi ya kwanza inasema molekuli zenyewe ni ngumu. Zimeng'atwa pande zote na bakteria waliopita mpaka yamebaki maumbo ambayo hakuna kimeng'enya (kemikali ya kuvunjia chakula) cha kuyafungua. Nianzhi Jiao wa Xiamen, China, na wenzake waliliendeleza wazo hili mwaka 2010: bakteria wenyewe, kwa kula na kutema, ndio wanaotengeneza kaboni isiyolika.

Kambi ya pili inasema hakuna ugumu wowote, ni uchache tu. Kila aina ya molekuli iko kidogo mno kiasi kwamba bakteria akitengeneza kimeng'enya cha kuila, anatumia nguvu nyingi kuliko anayoipata. Mwaka 2015 Jesús Arrieta na wenzake walichukua maji ya kina, wakaikoleza kaboni yake, wakawawekea bakteria wa hukohuko. Bakteria wakaongezeka. Hoja ikapata nguvu. Lakini kambi ya kwanza ikajibu: waliongezeka kidogo, walikula kile kidogo kilichokuwa laini, na mzigo mkubwa ulibaki palepale.

Mimi naegemea kwamba wote wana sehemu yao. Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba jua kali la juu huzivunjavunja baadhi ya molekuli hizi, na maji yanayopita kwenye chemchemi za moto sakafuni mwa bahari hutoka yamepungukiwa nazo. Kwa hiyo haziishi milele.

#8 Mto_Mweusi

Salamu kutoka Kongo. Ninyi mko na bahari, sisi tuko na mito, ila hadithi ni moja.

Karibu na Mbandaka kuna mto unaitwa Ruki unaingia kwenye mto Kongo. Maji yake ni meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Ukitia mkono huoni vidole. Watafiti wa Zürich walitoa majibu mwaka 2023 kwamba maji ya Ruki yana kaboni iliyoyeyuka mara nne ya maji ya Kongo wenyewe. Inatoka kwenye majani yanayooza ndani ya msitu uliofurika. Na katika bonde hilohilo kuna udongo wa mboji ulioelezwa mwaka 2017, kilomita za mraba zaidi ya 145,000, unaokadiriwa kushika tani bilioni 30 za kaboni.

Swali langu: hii kaboni yetu yote inaenda wapi ikifika baharini? Mtu wa kwanza kasema achote mbali na mdomo wa mto.

#9 Mkondo_wa_Kusi

Ndugu yangu @Mto_Mweusi umeleta fumbo lililowasumbua watu miaka mingi.

Mito yote ya dunia inamwaga baharini tani milioni 250 hivi za kaboni ogania iliyoyeyuka kwa mwaka. Ukigawanya tani bilioni 662 kwa hizo unapata miaka 2,600 na kitu. Yaani kwa hesabu za karatasini, mito peke yake ingetosha kuijaza bahari na kuiweka hivyo. Ungetegemea basi maji ya kina yawe yamejaa alama za miti, hasa lignini, ile inayoufanya ubao uwe ubao, maana hakuna kijimea cha baharini kinachoitengeneza. Wanaitafuta, wanakuta kidogo sana. John Hedges na wenzake waliliuliza swali hili waziwazi mwaka 1997: vitu vya nchi kavu vikifika baharini vinaishia wapi?

Sehemu ya jibu ni jua. Kaboni nyeusi ya msituni ikitoka kwenye kivuli cha miti na tope la mto inakutana na mwanga, inapauka na kukatika, halafu bakteria wanaimaliza na kuirudisha hewani. Kilichohimili maelfu ya miaka ndani ya mboji kinaweza kuisha haraka kikishafika pwani. Ndiyo maana kuubomoa au kuukausha udongo ule wa mboji ni hatari halisi: hauhami kutoka ghala la bara kwenda ghala la bahari, mwingi wake unapanda angani.

#10 JotoKali

Wakuu, mbona mnaongea kistaarabu hivi? Nimesoma mahali kwamba asilimia 1 tu ya kaboni hii ikiliwa ndani ya mwaka mmoja, itatoa hewa ya ukaa kuliko mafuta na makaa yote yanayochomwa duniani. Bahari inapata joto, bakteria kwenye joto wanakula zaidi. Hili si bomu?

#11 Mkondo_wa_Kusi

@JotoKali sentensi hiyo ipo, na inanakiliwa kila mahali. Iliandikwa wakati dunia inachoma tani bilioni 6 hivi za kaboni kwa mwaka. Asilimia 1 ya 662 ni 6.6. Leo tunachoma karibu tani bilioni 10. Sentensi imepitwa na moshi wetu wenyewe, na watu bado wanainakili.

Halafu kuna mawili. Kwanza, kaboni ikiliwa mita 4,000 chini haipandi hewani kesho. Inageuka kaboni ya madini palepale, inasubiri maji yaibuke baada ya mamia ya miaka. Pili, akiba hii imeshapita vipindi vya baridi na vipindi vya joto. Kitu kilichoishi miaka 6,000 kinatoka polepole mno: gawanya 662 kwa 6,000 unapata tani bilioni 0.11 kwa mwaka. Ndicho kinachoingia na kutoka kwenye ile sehemu kongwe. Tanki ni kubwa kupindukia, ila bomba la kuingilia na la kutokea ni jembamba.

Naomba mlishike hilo la bomba jembamba. Kwangu mimi ndiyo kiini cha mada yote, kwa wanaoogopa na kwa wanaouza.

#12 Maabara_Kimya

Niongeze kwa JotoKali kwamba wazo la "bahari ilitugeuka" limeshapendekezwa kwa nyakati za kale. Kuna makala ya mwaka 2011 ya Philip Sexton na wenzake kuhusu vipindi vifupi vya joto vya miaka milioni 50 hivi iliyopita. Walidai bahari ilikuwa na akiba kubwa zaidi ya kaboni hii, mzunguko wa maji ukabadilika, oksijeni ikafika, ikaliwa. Wengine wamepinga kwamba akiba kubwa kiasi hicho haikuweza kujikusanya. Ubishi wa kisayansi, si habari ya kumnyima mtu usingizi mwaka huu.

Linalonitia wasiwasi mimi liko juu, sio chini. Kuna kaboni ya katikati, sio tamu sana wala sio kongwe, inayodumu miezi hadi miaka. Huko Bermuda inajikusanya juu wakati wa kiangazi, halafu upepo wa majira ya baridi unayakoroga maji na kuishusha. Craig Carlson na wenzake waliionyesha mwaka 1994. Dunia nzima, kushuka kwa namna hii ni karibu tani bilioni 2 za kaboni kwa mwaka, kama sehemu moja ya tano ya kaboni yote ambayo viumbe wanaishusha kutoka juu. Bahari ikipata joto, maji ya juu yanakuwa mepesi na kukataa kuchanganyika na ya chini. Ukoroge mdogo, kaboni inabaki juu, inaliwa juu, inarudi hewani.

#13 Fundi_Bomba

Sasa nimechanganyikiwa. Tunaambiwa bahari inameza robo ya moshi wetu. Ndiyo hii kazi?

#14 Mkondo_wa_Kusi

Hapana mkuu, na hapa hata waandishi wa habari wanateleza. Ile robo inamezwa na kemia na mikondo: hewa ya ukaa imezidi angani, inajisukuma ndani ya maji baridi, maji yanazama nayo. Ingemezwa hata bahari ingekuwa haina samaki. Viumbe na kaboni yao iliyoyeyuka walikuwa wanafanya kazi yao zamani kabla ya injini ya kwanza. Wanaifanya bahari ishike kaboni zaidi chini kuliko juu, na bila wao hewa ya ukaa angani ingekuwa juu zaidi kuliko tulivyoikuta. Ila hawajaongeza bidii kwa sababu sisi tumeongeza moshi. Hiyo ni mizani ya zamani, na swali ni kama tunaivuruga.

#15 Bi_Mwani

Asalaam aleykum. Mie si msomi wa haya, ila mwani naujua, nimeukuta mama yangu akiupanda. Kusini Unguja huku mwani aina ya kotoni umetushinda, maji yamekuwa moto, unapauka na kukatika. Tumebaki na aina ya spinosum ambayo bei yake wenyewe mnaijua.

Walikuja watu shehiani na makaratasi. Wakatwambia mwani unasafisha hewa, kaboni yake inayeyuka baharini na kukaa maelfu ya miaka, na tukijiandikisha tutalipwa. Wakataka sahihi. Mie sikutia. Sasa nasoma hapa kaboni ya maelfu ya miaka kweli ipo. Nilikosea kukataa?

#16 Gazi254

Shikamoo Bi_Mwani. Mimi ni wa Kwale, Kenya, na kwetu kaboni imelipa kweli, kwa hivyo sitaki watu wadhani yote ni utapeli. Mradi wa Mikoko Pamoja, Gazi na Makongeni, uliidhinishwa 2013 chini ya kanuni za Plan Vivo, shirika linaloidhinisha miradi ya kaboni. Hekta 117 za mikoko. Pesa zimeingia kwa maji ya mifereji na shule, na watu wameona.

Lakini mkoko unasimama. Unaupima kwa utepe, unachimba tope chini yake unapima tena, mwaka ujao unarudi unaupata hapo hapo. Na kinacholipwa ni mti na tope. Mikoko pia hutoa kaboni nyingi iliyoyeyuka kwenda baharini. Thorsten Dittmar na wenzake walikadiria mwaka 2006, kutokana na kazi yao Brazil, kwamba asilimia 10 hivi ya kaboni ya aina hiyo inayotoka bara kwenda baharini ni ya mikoko, ilhali mikoko haifiki hata sehemu moja katika elfu ya nchi kavu. Hiyo hatuuzi. Ikishatoka kwa mkondo wa maji kupwa, nani ataifuata?

#17 Mkondo_wa_Kusi

Dada @Bi_Mwani, aleykum salaam. Hukukosea. Nitajitahidi nieleze bila kuzunguka.

Mwani wako unakwenda wapi? Unavunwa, unaanikwa, unauzwa, unafika kiwandani ng'ambo, unatolewa karajinani, ute wa kugandishia, inayoingia kwenye maziwa, dawa ya meno na vyakula vya kopo. Mtu anakula, anapumua. Kaboni iliyomo kwenye gunia imerudi hewani pengine kabla ya mwaka kuisha. Hapo hakuna cha kuuza.

Wale watu, kama walikuwa wanajua wanachosema, walikuwa wanaongelea kile kinachovuja mwani ukiwa bado kwenye kamba. Ni kweli mwani unavuja. Mwaka 2016 Dorte Krause-Jensen na Carlos Duarte walikadiria kwamba mwani wote wa dunia, na karibu wote ni wa porini, unaweka mbali na hewa kaboni tani milioni 173 hivi kwa mwaka, na thuluthi mbili ya hiyo kwa njia ya kaboni iliyoyeyuka. Makadirio yao wenyewe yanaanzia milioni 61 na kufika 268. Upana huo wa makisio ni wa dunia nzima, sembuse shamba moja.

Ili kaboni iliyovuja ihesabiwe lazima mambo yafuatane. Iwe ngumu kuliwa, au ishuke chini ya maji yanayokorogwa na upepo kabla haijaliwa. Mashamba yenu yako ndani ya mwamba, maji ya kiunoni, joto, jua, bakteria tele. Kilicho laini kitaliwa palepale. Sehemu itatoka na maji ya bamvua hadi nje ya mwamba, na hapo ndipo kipimo kinapopotelea, kwa sababu inakwenda kuchanganyika na kaboni iliyokuwapo baharini maelfu ya miaka.

Halafu kuna utafiti ambao wauzaji wanaupenda. Mwaka 2023 watafiti wa Bremen, Ujerumani, walionyesha kwamba mwani wa kahawia waliouchunguza Finland unatoa ute uitwao fukoidani, mgumu sana kuliwa. Kazi nzuri. Ila spinosum na kotoni ni mwani mwekundu, hautengenezi fukoidani. Mtu akikuletea majibu ya mwani wa kahawia wa maji baridi kwa ajili ya kamba zako, anakupimia nguo ya mtu mwingine.

Na lile bomba jembamba. Kaboni kongwe inayoingia kwa bahari nzima ni karibu tani bilioni 0.1 kwa mwaka. Sisi tunachoma 10. Hata binadamu wangefanikiwa kuiongeza maradufu, jambo ambalo hakuna aliyelionyesha, wangekuwa wamefuta asilimia 1 ya moshi. Ukubwa wa tanki ndio unaowatamanisha watu. Hawaulizi linajaa kwa kasi gani.

Mwani una thamani yake, kipato cha kina mama mikononi mwao wenyewe, makazi ya samaki wadogo, sabuni na bidhaa nyingine mnazotengeneza. Ungepanda bei kwa hayo ningefurahi. Sahihi ya kaboni iliyoyeyuka usitie mpaka mtu akuonyeshe amepima nini, wapi, na nani mwingine kapima akapata hivyohivyo.

#18 Bi_Mwani

Nimekufahamu. Walisema "wataalamu wamethibitisha", nikawauliza wataalamu gani, wakanipa kalenda ya ukutani.

#19 JotoKali

Hahaha kalenda.

Na maji machafu ya mjini je? Mto Msimbazi wa Dar es Salaam nao unaingiza kaboni baharini, tulipwe?

#20 Maabara_Kimya

Hiyo ni tamu kwa bakteria, mkuu. Wanaifakamia pwani hapohapo, wanamaliza oksijeni, samaki wanakimbia, hewa ya ukaa inarudi. Ungedaiwa wewe.

#21 Mwaka_wa_Tatu

Samahanini wakubwa, nasoma sayansi ya bahari na nimevutiwa. Nataka mradi wangu wa mwisho niulinganishe upande wenye mashamba ya mwani na upande usio na mashamba, kuangalia kama kaboni iliyoyeyuka inatofautiana. Nianzie wapi? Chupa za maji ya kunywa nikizisuuza vizuri zinafaa?

#22 Maabara_Kimya

Hazifai. Plastiki ya namna hiyo inaweza kutoa kaboni, na wewe unatafuta tofauti ndogo. Tumia chupa za kioo zilizochomwa kwenye tanuri la nyuzi 450 kwa saa kadhaa, na vichujio vya nyuzi za kioo vilivyochomwa vilevile. Chuja mapema, kabla bakteria hawajala sampuli yako, tia asidi ya hidrokloriki safi mpaka pH 2, funika, weka baridi gizani. Mashine ya boti izimwe, na uchote upande upepo unakotokea. Siku ya kazi usijipake marashi wala krimu ya mikono, na anayevuta sigara abaki ufukweni.

Chota maji kupwa na maji kujaa, mahali palepale. Ukichota mara moja tu utakuwa umepima mwendo wa maji, sio mwani. Na uliza mapema ni maabara gani itakupimia, kwa sababu chupa nzuri bila mashine ni chupa.

#23 Bi_Mwani

Akija huku kwetu aje bamvua, ndipo tunaposhuka shambani. Maji mafu atakuta kamba zimefunikwa atuone tumekaa majumbani. Na aje na viatu vya maji, kuna miiba humo.